Vyumba Ndani ya Kitunguu

Mama apikaye samaki hapa Kalemie hukata kitunguu, naye hajui kwamba kisu chake chapita katika vyumba maelfu.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande cha gome la mti wa kutengenezea vizibo. Akaona vijumba vitupu, akaviita seli. Vilikuwa vitupu kwa sababu vilikwisha kufa.

Lakini bandua utando mwembamba ndani ya kitunguu kibichi, utie tone la iodini, nawe utaona vyumba vimepangwa kama matofali, kila kimoja na kiini chake. Jina hilo la kiini alilitoa Mskoti Robert Brown mwaka 1831, miaka 166 baada ya Hooke, alipochunguza maua ya okidi.

Basi, kilichokufa kilionyesha kuta. Kilicho hai kilimwonyesha mwenye nyumba.