Chura Aliyegoma Kula

Siku ya tisa, na chura wangu bado hajagusa kitu. Nilimwokota kwenye mtaro hapa Section 58, Nakuru, mvua ya Aprili ilipofurika, nikamweka kwenye karai kando ya dirisha. Nilimpa vipande vya nyama, akaviangalia kama mtu aliyeletewa bili. Nikajaribu ugali. Wapi! Jirani akacheka: "Kijana, watu wanalala njaa na wewe unabembeleza chura?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, na ndipo nikafika Kihansi.

Kihansi ni korongo kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Mwaka wa 1996, watafiti waliochunguza mazingira ya mradi wa umeme walikuta huko chura wa rangi ya dhahabu, hafiki hata sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko hayo tu, si kwingine popote duniani. Bwawa lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ikapelekwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakata.

Mwaka wa 2000, vyura wapatao 500 walipandishwa ndege hadi Marekani. Huko nako wakafa kwa wingi. Kufikia mwisho wa 2004 hawakufika hata 100. Walezi walilazimika kujifunza kila kitu upya: mwanga gani, unyevu kiasi gani, vijidudu gani hai vya kuwalisha. Kidogo kidogo wakazaana katika hifadhi za Bronx na Toledo. Mwaka wa 2009 walitangazwa kutoweka porini. Mwaka uliofuata, 100 wakarudishwa Dar es Salaam, na 2012 wa kwanza wakarejeshwa korongoni, ambako sasa mabomba ndiyo yanayonyunyiza maji.

Ni rahisi kulaani bwawa. Lakini mimi naandika haya kwa stima, na Olkaria iko papa hapa kaunti yetu. Watanzania nao walihitaji taa. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, ila hawakusema ng'ombe ayanywe yote.

Kumbe kosa langu lilikuwa dogo na la kijinga. Chura huona chakula kikitembea. Nyama iliyolala kwake ni kama jiwe. Na maji niliyomwekea yalitoka mferejini, yana klorini, ilhali chura hunywa kwa ngozi. Nilikuwa namuua huku nikimhurumia.

Nikabadilisha maji, nikaweka ya mvua. Usiku kumbikumbi wakajaa kwenye taa ya korido, nikawatia watatu karaini. Mmoja akatambaa. Chura akageuza kichwa, ulimi ukatoka, kumbikumbi hayupo.

Asubuhi nilimrudisha mtaroni. Jirani aliuliza kama amekufa.

"Hapana," nikamwambia. "Amekula, akaenda kwao."