Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Chumba cha Mgeni Dar es Salaam

Katika Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam, neno hoteli halimaanishi kwanza mahali pa kulala. Mtu wa Temeke akisema asubuhi kwamba anapitia hotelini, anayemsikia anajua anafuata chai na chapati. Mahali pa kulala pana jina lake, na jina hilo limeandikwa kwa rangi kwenye kuta kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala: nyumba ya kulala wageni. Hata tunapolifupisha na kusema gesti, tunajua kinachozungumziwa ni nyumba. Lugha imehifadhi jambo ambalo wajenzi wengi wa hoteli wamelisahau, nalo ndilo hoja ya makala haya. Kwenye pwani yetu mgeni alikuwa na chumba ndani ya nyumba ya mtu, na hoteli ya kifahari hupata haiba pale inapoukumbuka uhusiano huo. Anayetaka siku chache za mapumziko ya hali ya juu Kinondoni au upande wa Kigamboni, na akataka mahali penye tabia yake badala ya chumba kinachofanana na vyumba vya miji yote duniani, atachagua vizuri zaidi akiijua historia hii kuliko akihesabu nyota.

Ushahidi wa kale upo. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, anaeleza kwamba chombo kilipotia nanga vijana wa mji walikifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Ukarimu ule ulikuwa pia biashara, lakini biashara iliyompa mgeni mtu wa kumdhamini mbele ya mji mzima. Ujenzi nao uliufuata utaratibu huo. Majumba ya mawe ya Lamu yalikuwa na sabule, chumba cha mgeni alichokifikia kutoka dakani, pale mlangoni, bila kukatiza katikati ya familia. Kuta zilikuwa nene, za matumbawe na chokaa, na dari ilishikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa mkoko hautoi kwa kawaida boriti inayozidi mita tatu hivi, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Mtu aliyelala humo alilala ndani ya kipimo kilichowekwa na mti wa pwani ileile aliyoijia.

Dar es Salaam yenyewe imehifadhi nyumba ya mgeni tangu mwanzo wake. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, aliweka kasri lake mbele ya bandari, na jirani yake, mwaka 1866 na 1867, likajengwa jumba la kuwapokea wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870 na mji wake ukapoa. Kasri limetoweka. Jumba la wageni bado limesimama, nalo ndilo tunaloliita Boma la Kale, mojawapo ya majengo makongwe kabisa yaliyobaki katikati ya jiji, lenye kuta za matumbawe na milango ya kuchonga ya Kizanzibari. Leo ndani yake kuna kituo kinachoonyesha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam. Ni jambo la kutafakari kwamba katika yote aliyoyakusudia mwanzilishi wa mji, miongoni mwa machache yaliyotufikia yakiwa mazima ni chumba cha mgeni.

Hoteli kwa maana ya kigeni ilikuja na ukoloni. Wajerumani walifungua Kaiserhof mwaka 1906, na jina lenyewe, ambalo maana yake ni makao ya kaisari, lilimwambia msafiri kwamba mwenyeji wake yuko Berlin. Waingereza walipochukua nchi, hoteli hiyo ikaja kuitwa New Africa, lakini utaratibu haukubadilika sana: Mwafrika aliingia kupika, kufua na kubeba mizigo. Kanuni za ujenzi za wakoloni ziligawa mji katika kanda tatu, na wakazi wakazipa majina yaliyosema wazi kilichofichwa na lugha ya ofisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Oyster Bay, ambayo leo iko Kinondoni, ilitengwa kuwa makazi ya Wazungu, nyumba zikiachana kwa bustani pana na kuelekea upepo wa bahari. Hapo ndipo wazo la anasa lilipotenganishwa na wazo la ujirani. Tangu wakati huo, mahali pazuri pa kulala Dar es Salaam pamehesabiwa kuwa ni mahali palipo mbali na watu wa Dar es Salaam.

Wakati huohuo Uswahilini iliendelea kupokea wageni kwa namna yake, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulipopanuka kwenda Magomeni, Temeke na Kinondoni, nyumba ya Kiswahili ilisafiri nao. Ramani yake inachoreka kwa fimbo mchangani: mlango katikati ya ukuta wa mbele, ukumbi unaonyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kila upande, kisha ua wenye jiko, choo na mara nyingi mabanda ya ziada. Mbele kuna baraza, kiti cha saruji kilichojengwa pamoja na ukuta, ambacho kingo zake hulainika na kung'aa kwa miaka ya watu kukaa. Jioni baraza hupokea bao, kashata, na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake kutangaza kwamba amefika. J. A. K. Leslie, katika utafiti wake wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, alieleza jinsi nyumba hizi zilivyopangishwa chumba kwa chumba, hivyo kwamba mtu aliyetoka Rufiji au Morogoro alipata paa na jirani kwa siku moja. Gesti ilitokana na nyumba hii bila mabadiliko makubwa: milango ikapewa namba, vyumba vikapewa vyandarua, na meza ya mapokezi ikawekwa pale ukumbi unapoanzia. Najua sifa ya gesti haikubaki safi. Wengi wakilisikia neno hilo hufikiria mambo ya saa moja na pazia lililofungwa. Lakini matumizi mabaya ya chumba hayafuti ubora wa ramani yake, na ramani hiyo ndiyo urithi wetu wa karibu zaidi katika sanaa ya kumlaza mgeni.

Baada ya uhuru nchi ilijaribu kujibu swali la anasa kwa njia yake. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965 mbele ya bandari, na ufukwe wa kaskazini ukapata Kunduchi Beach na Bahari Beach. Ile ya Bahari Beach, yenye vijumba vya mawe ya matumbawe na mapaa marefu ya makuti, ilionyesha kwamba taifa changa lilitaka mgeni ajue amelala pwani gani. Hata hivyo, mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard. Waliuliza kwa nini fedha za umma zijenge hoteli za kuwaburudisha watu wa nchi tajiri, na kama kijana anayefundishwa kuinama mbele ya mtalii anaweza pia kujenga ujamaa. Issa Shivji aliukusanya mjadala huo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Majibu ya wakati ule yamepitwa, na katika miaka ya 1990 Serikali yenyewe iliachia hoteli zake kwa watu binafsi, lakini swali bado ni zima. Hoteli inaweza kuezekwa kwa makuti na bado ikawa Kaiserhof, kama mwenyeji hana nafasi ndani yake isipokuwa ya kuhudumu.

Hapo ndipo uchaguzi wa leo unapoanzia. Kwenye rasi ya Msasani, kando ya Toure Drive, na kusini katika fukwe za Kigamboni zilizokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya yake, zipo hoteli ndogo zinazojinadi kwa haiba. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa mwaka 2016, limeufungua upande huo wa kusini kwa magari yasiyotaka kusubiri kivuko. Baadhi ya hoteli hizo zimestahili sifa hiyo ya haiba: Ras Kutani, kwa mfano, imejengwa kwa miti na makuti kati ya msitu na wangwa, kiasi kwamba upepo hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mashine. Nyingine zimenunua haiba dukani, na kipimo kizuri cha kuzitambua ni mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango uliochongwa Tanganyika au Zanzibar kabla ya mwaka 1940, kwa sababu watunga sheria walijua milango ingeng'olewa na kuuzwa. Mlango mpya uliochongwa na fundi wa leo ni kazi halali inayomlisha fundi huyo. Mlango wa kale uliobandikwa mbele ya jengo la zege, usioelekea baraza wala ukumbi, unasema tu kwamba mahali fulani pana nyumba iliyobaki na tundu.

Wapo watakaosema kwamba anayelipia anasa analipia faragha, na kwamba baraza, majirani na kelele za bao ndivyo hasa anavyovikimbia. Hoja hii ina uzito, kwani mtu aliyechoka ana haki ya kimya. Ila inakosea kudhani kwamba nyumba ya Kiswahili haikujua faragha. Iliijua vizuri kuliko korido ndefu ya hoteli ya ghorofa. Barazani aliketi yeyote, ukumbini aliingia anayefahamika, na uani walibaki wa nyumbani. Kila hatua kwenda ndani ilikuwa na adabu yake, na hodi haikupigwa mara moja tu. Sabule ya Lamu ilimwezesha mgeni kutoka na kurudi bila kuulizwa. Hoteli inayoelewa ngazi hizi humpa mgeni kimya cha ndani na mji wa nje, akachagua mwenyewe saa ya kuvuka. Ukuta wenye nyaya za umeme humpa kimya peke yake, na baada ya siku mbili kimya hicho huwa kizito.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka Zanzibar. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kabla na baada ya hapo watu kama Emerson Skeet, Mmarekani aliyefufua majumba kadhaa, walionyesha kwamba jumba lililokuwa likibomoka linaweza kuokolewa na hoteli. Lakini kila jumba linapogeuka hoteli, familia zilizokuwa zimepanga humo huhama, na mtaa uliookolewa kwa macho hupungukiwa na sauti zake. Sina namna ya kulipuuza jambo hili. Ninachosema ni kwamba halihukumu hoteli ndogo zote. Linahukumu zile zinazochukua nyumba na kuacha ujirani. Beit el Ajaib, jumba la Mji Mkongwe ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, linatukumbusha kwamba jengo kubwa la matumbawe linahitaji fedha na ujuzi wa kila mwaka. Mgeni anaweza kuwa chanzo cha fedha hizo, mradi fundi, mpishi, mvuvi na mwenye nyumba wa mtaa huo wawe na fungu.

Wengine wataona kwamba nyumba ya Kiswahili ni kumbukumbu ya msongamano, na kwamba wakazi wenyewe wameichoka. Magomeni Kota za zamani zilibomolewa, na mwaka 2022 zikazinduliwa fleti kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Waliopata maji ndani na choo chao wana sababu ya kufurahi, na hakuna hoja ya urithi inayopaswa kumdai mtu maskini aendelee kuchota maji kwa ndoo ili wengine wapige picha. Ndiyo maana anasa inaweza kubeba mzigo wa kuutunza urithi huu. Kuta nene, ua wenye mti, na dari ndefu inayopitisha upepo vinagharimu kuvitunza, na anayelipa bei kubwa kwa usiku mmoja ana uwezo wa kulipia uhai wa maarifa ambayo mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuyagharimia.

Haja hiyo ni ya haraka kwa sababu sheria peke yake haitoshi. Sheria ile ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata yanahitaji tangazo maalumu. Msikiti na makaburi ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, yako upande salama wa mstari huo. Boma la Kale liliukosa kwa miaka michache tu. Nyumba za Temeke na Kinondoni, ambamo jiji hili lilijifunza kuishi, ziko mbali nao kabisa. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 huko Kijitonyama, kimehifadhi msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo, na kazi hiyo ni ya thamani, ingawa ndani ya nyumba hizo halali mtu. Kwa hiyo anayechagua mahali pa mapumziko anashika sehemu ya uamuzi. Aulize ukuta umejengwa kwa nini, samaki wametoka kwa nani, na kama mbele ya hoteli pana mahali ambapo mtu wa mtaa anaweza kukaa jioni bila kufukuzwa na mlinzi. Akilikuta baraza hilo, na kingo zake zimekwisha kulainika, basi amefika nyumbani kwa mtu.