Twiga wa Malindi na Jiwe la Changle: Tuyasomeje Maandishi ya Kale ya Kichina?

Huku kwetu Kitura, mtu akiishusha milima ya Umatengo kuelekea magharibi hufika kwenye maji ambayo ramani za nchi yetu huyaita Ziwa Nyasa. Jina hilo lilienea katika ramani za Ulaya baada ya safari ya David Livingstone ya mwaka 1859. Lakini nyasa, kwa lugha za mwambao ule, ni ziwa lenyewe. Kwa hiyo kila tunapotamka Ziwa Nyasa twasema Ziwa Ziwa. Mwambaoni mwa ziwa hilo upande wetu ipo Liuli. Wajerumani walipoona jabali la pale bandarini, liliwakumbusha sanamu la Misri lenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen. Mgeni wa kwanza aliandika alichosikia bila kujua maana yake. Wa pili aliandika alichokikumbuka kutoka vitabuni mwake.

Nimeanza na majina haya mawili kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho, tena baada ya kustaafu, kuhusu jambo nililolifundisha vibaya kwa miaka mingi. Niliwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba Mchina wa kwanza kuitaja Malindi alikuwa Du Huan, katika karne ya 8. Sikuwaambia kwamba hiyo ni dhana. Mimi mwenyewe sikuwa nimeuliza.

Habari za Du Huan ni hizi. Mwaka 751 jeshi la nasaba ya Tang lilishindwa na Waarabu katika vita vya Talas, huko Asia ya Kati, naye akawa miongoni mwa mateka. Aliishi katika nchi za Waislamu hadi mwaka 762, akarejea kwao kwa jahazi na kuandika kitabu. Kitabu hicho kilipotea. Kilichobaki ni vipande alivyovinukuu jamaa yake, Du You, katika kamusi kubwa ya mambo ya serikali iliyokamilika mwaka 801. Humo imetajwa nchi iitwayo Molin, na msomaji wa pwani akiisikia Molin, moyo humruka: Malindi!

Tusiharakishe. Kwanza, Kichina cha kale hakikuwekewa vituo wala herufi kubwa, na jina la kigeni liliandikwa kwa alama zilizoteuliwa kwa sauti zake tu. Pili, matamshi ya Beijing ya leo si matamshi ya enzi ya Tang. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, maelezo yenyewe yanakataa. Du Huan asema nchi hiyo hufikiwa kwa kuvuka jangwa kubwa. Mimea ni haba. Farasi hulishwa samaki wakavu, na watu hula tende. Mzaliwa wa Malindi, mwenye minazi na mashamba mbele ya nyumba yake, akisomewa hayo atauliza: ni kwetu kweli huko? Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoielekeza Molin kwenye nchi za Bahari ya Shamu, na wengine Afrika Kaskazini. Sauti ilituita, nasi tukaitika bila kuangalia ni nani aitaye.

Wasomaji wa mashairi yetu ya kale hawapaswi kulistaajabia jambo hili. Aliyewahi kuushika muswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu anajua kwamba herufi moja yaweza kusomwa b, p au mb, na kwamba i na e huvaa alama moja. Hausomi kwa jicho peke yake. Huusoma kwa mizani, kwa vina na kwa maana ya ubeti mzima. Nidhamu hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa tunaposoma Molin: neno lipimwe na ubeti wake.

Mfano wa pili una nuru zaidi. Mwaka 1225 Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya baharini katika bandari ya Quanzhou, alitunga kitabu kuhusu nchi za kigeni. Hakusafiri kwenda nchi hizo. Alikaa bandarini, akawauliza wafanyabiashara, na mengine akayanakili kutoka kwa waliomtangulia. Chini ya jina Cengba, ambalo wengi hulisoma kuwa ni Zanjibari, yaani mwambao wa Wazanji, aeleza watu wafuatao dini ya Waarabu, wavaao nguo za buluu na viatu vya ngozi nyekundu. Nchi itoayo pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali. Lakini katika kitabu hicho hicho, chini ya jina jingine la nchi ya Wazanji, yumo ndege mkubwa anayemeza ngamia. Habari hiyo imetoka katika kitabu cha Zhou Qufei cha mwaka 1178. Basi ndani ya jalada moja tunakuta taarifa ya mfanyabiashara na hekaya ya mabaharia, na mwandishi hakuweka mpaka kati yake. Kuuweka ni kazi ya msomaji.

Tena Zhao Rugua ana neno moja ambalo wengi hulipita. Asema bidhaa zinazopelekwa Cengba, zikiwemo nguo na vyombo vya kauri, hupelekwa na wafanyabiashara wa Gujarati na wa nchi za Waarabu. Tunapookota vigae vya kauri ya Kichina Kilwa Kisiwani au Gedi, au tunapokumbuka hazina ya sarafu za Kichina iliyofukuliwa Kajengwa, Unguja, mwaka 1945, tusiseme papo hapo kwamba merikebu ya Kichina ilitia nanga pale. Chombo chaweza kufika mahali ambapo mfinyanzi wake hakufika.

Sasa tumjie twiga. Kumbukumbu za nasaba ya Ming zasema kwamba mwaka 1415 wajumbe wa nchi ya Malin, ambayo wataalamu wengi huisoma Malindi, walimletea mfalme Yongle mnyama aitwaye qilin. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa amepelekwa kutoka Bengali, na Shen Du, mwanachuoni wa kasri mwenye hati nzuri, akamtungia shairi la sifa. Qilin ni mnyama wa vitabu vya kale vya Kichina, aonekanaye pale tu mtawala mwema anapotawala. Yongle alikuwa na haja kubwa ya ishara ya namna hiyo, kwa kuwa mwaka 1402 alitwaa kiti kwa vita kutoka kwa mtoto wa kaka yake. Tena maandishi hayo humwita kila mgeni aletaye zawadi kuwa ameleta hidaya ya utiifu. Hiyo ilikuwa lugha ya ofisi yao. Haithibitishi kwamba Malindi ilijiona chini ya mtu.

Mtunzi wa sifa ana kanuni zake. Sisi tulioulea utenzi na kasida twalijua hilo. Hakuna anayempima Fumo Liyongo kwa futi kutokana na utenzi wa Muhammad Kijumwa. Kwa hiyo wanaosema Wachina walidanganywa wakamwona twiga kuwa mnyama wa miujiza hawajasoma vya kutosha. Wasome jiwe la Changle.

Jiwe hilo lilisimamishwa mwaka 1431 katika jimbo la Fujian na Zheng He pamoja na wenzake, kumshukuru mungu wa kike wa mabaharia kabla ya safari yao ya mwisho. Wanataja wanyama walioletwa: kutoka Mogadishu, punda milia na simba, kutoka Barawa, ngamia na mbuni, na kutoka Aden, qilin, ambaye, waongeza mabaharia hao, kwa wenyeji huitwa zulafa. Hapo lipo neno la Kiarabu, zarafa, limevishwa alama za Kichina. Kwa hiyo waliosafiri walijua vyema kwamba mnyama huyo ana jina huko atokako. Waliandika yote mawili, moja la kasri na moja la bandari. Wapo pia wanaodhani kwamba Kisomali, kinachomwita geri, ndicho kilichoufanya mlio wa qilin uwe karibu na masikio. Dhana hiyo yapendeza, nami naitaja kama dhana.

Jina lisilopatikana kwenye jiwe lile, wala katika shairi la Shen Du, ni twiga. Wala hatukuachiwa majina ya wajumbe waliosafiri na mnyama yule mrefu, miezi kwa miezi baharini, wakimtafutia majani na maji. Lazima walikuwa na neno la kumwitia na neno la kumtuliza. Maandishi ya Kichina yametunza safari yao kwa uaminifu, lakini yameitunza kwa kipimo cha kasri, kama jabali la Liuli lilivyotunzwa kwa kipimo cha Misri.

Ningerudishiwa ubao wangu leo, nisingeifuta habari ya Du Huan. Ningeiandika tena na chini yake maswali manne: Nani aliandika? Aliona au aliambiwa? Aliandika kwa ajili ya nani? Na jina hili, lilitamkwaje siku ile? Kisha ningewaacha wanafunzi wangu wa Umatengo waanze na jina la ziwa lao wenyewe.