Chuo Lamu, na nani anaruhusiwa kuingia

Uzi mfupi. Kila kampeni tunasikia vyuo vikuu vilinde mazingira na jamii. Sawa, ila Lamu hoja hii ni ya zamani.

Habib Swaleh alitoka Ngazidja akahamia Lamu karne ya 19. Enzi hizo elimu ya juu ya dini ilikuwa ya masharifu na wangwana. Watumwa na wageni walibaki nje. Yeye akawafundisha hao hao. Wakubwa wa mji hawakupenda, lakini chuo chake, Riyadha, kikaja kuvuta wanafunzi kutoka pwani nzima. (Ndiyo, "chuo" kwa Lamu ni madrasa kwanza.)

Sasa ruka hadi 2016. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 unapewa leseni ya mazingira, ujengwe Kwasasi. Wataalamu walikuwepo, ripoti nene ilikuwepo. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wasomi tulikuwa nao, jamani. Mvuvi ndiye aliyeachwa nje.

Kwa hiyo ukiahidiwa utafiti, uliza: Kizingitini watausoma kwa lugha gani, na kabla ya leseni au baada?