Somo la Tisa: Jinsi Programu za Kompyuta Zilivyopata Ghala

Leo twatazama historia ya kazi isiyoonekana kwa macho: kuzipanga programu za kompyuta zisigombane.

Kwanza yakupasa kuelewa maneno mawili. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Toleo ni namba inayoonyesha kama programu ni ya zamani au ni mpya. Tena ujue kwamba programu hutegemeana. Ukinunua rimu ya baiskeli, wahitaji tairi na tyubu za kipimo chake. Ukileta za kipimo kingine, hazifai kitu. Ndivyo zilivyo programu: moja hutaka nyingine, tena ya toleo fulani.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, alitoa Linux, yaani kiini cha kuendeshea kompyuta. Watu wa nchi nyingi wakaiongezea programu zao. Shida ikawa kuziunganisha. Mwaka 1993 Ian Murdock, mwanafunzi huko Marekani, akaanzisha Debian, ushirika wa watu wa kujitolea. Humo kila programu hufungwa katika kifurushi, nacho huandikwa jina, toleo na orodha ya vifurushi kinavyovitegemea. Programu iitwayo dpkg ikapewa kazi ya kufungua vifurushi na kukagua orodha hizo.

Lakini dpkg ilijua kukataa tu. Ilisema kwamba kifurushi fulani hakipo, wala haikwenda kukileta. Aliyeitumia peke yake alikitafuta mwenyewe. Akikipata, nacho chadai kingine, na hicho kingine tena. Basi mwaka 1999 likatoka toleo la Debian 2.1 likiwa na programu ya APT. Hii husoma orodha ya ghala, huhesabu vyote vinavyohitajika, kisha huvileta pamoja. Mwaka 2004 Ubuntu ikajengwa juu ya Debian, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu “utu”.

Debian ina ghala zaidi ya moja. Vifurushi vipya huingia kwanza katika ghala isiyotulia. Vikikaa siku kadhaa bila kasoro kubwa, huhamia ghala ya majaribio. Mwisho hutolewa ghala imara. Kwa hiyo usichanganye ghala ovyo: kifurushi kimoja kipya chaweza kuvuta vingine vingi vipya nyuma yake.

Je, kungoja kuna faida gani? Sikiliza yaliyotokea mwaka 2024. Iko programu ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kubana mafaili. Mtu aliyekwisha kuaminiwa kuitunza alificha mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali haikuitegemea xz yenyewe, bali katika Debian ilitegemea programu ya katikati, nayo hiyo ikaitegemea xz. Hivyo ndivyo mwizi alivyotaka kupita.

Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwachelewa kama nusu sekunde. Hakudharau. Alichunguza, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Matoleo yale yalikuwa yamefika katika ghala isiyotulia na ile ya majaribio, lakini ghala imara ilikuwa salama.

Debian ikalirudisha toleo la 5.4.5. Lakini kumbuka, APT hupendelea namba kubwa. Basi kifurushi kile cha zamani kikaandikwa 5.6.1+really5.4.5-1. Neno lile la katikati ni la Kiingereza, maana yake “kwa kweli”. Kompyuta ikaona namba kubwa, nasi tukajua ukweli.

Tumejifunza nini? Kwamba kitu kidogo kinachotegemewa na wengi chahitaji kulindwa kama kile kikubwa, na kwamba upya peke yake si usalama.

Maswali ya kujipima:
1. APT hufanya nini ambacho dpkg haifanyi?
2. Kwa nini toleo la 5.4.5 lilipewa namba ndefu?
3. Katika kazi yako, ni kitu gani kidogo ambacho vingine vyote hukitegemea?