Mchoro wa Jinja

Umeme unaofika kwetu Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, hutoka Jinja, kwa hiyo historia ya bwawa la Owen Falls naisoma kwa jicho la mteja. Kabla ya bwawa kufunguliwa mwaka 1954, mwamba wa Maporomoko ya Ripon ndio uliopima maji yanayotoka Ziwa Victoria. Mwamba ulikatwa, ukazama. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba milango ya bwawa iuige: kwa kila kina cha ziwa, mchoro ulionyesha kiasi cha maji ya kuachilia. Wenzetu wa kompyuta wangeliita bwawa hilo emuleta, yaani programu inayoiga prosesa ya zamani, na mchoro ule ndio ukaguzi wake wa usalama.

Kituo cha pili, Kiira, kilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2000, mchoro ulikuwa na sura ya masalia ya ukoloni. Haukufutwa, ulirukwa tu. Kwa maoni yangu, umri wake haukuwa hoja. Mwamba haukuwapo tena, na zaidi ya karatasi ile, ni nini kingelishika ziwa?

Ukame ulipokuja, maji yaliachiliwa kupita kipimo. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kina ambacho hakikuonekana kwa takriban miaka 80, na wataalamu walikadiria kwamba karibu nusu ya mshuko huo ilitokana na bwawa. Mialo ya wavuvi ilibaki mbali na maji, hata ng'ambo, Kenya na Tanzania. Mitambo ya Jinja nayo ilipungukiwa nguvu. Uganda ikaingia kwenye mgawo wa umeme na kukodi jenereta za dizeli.