Laptopu Zilizokanwa na Kerneli

Mwaka jana tulikusanyika Barking, jikoni kwa mwenzetu mmoja, karibu na soko la East Street, tukiwa na laptopu tatu zilizotupwa na ofisi fulani. Zote zilikuwa na prosesa za Pentium M. Mjomba wake alikuwa anafunga mzigo wa Tanga, naye alituahidi nafasi iwapo zitawaka. Tukajaribu kuzisakinishia Lubuntu 18.04. Kila moja ilikataa, ikaandika kwamba kerneli inahitaji sifa iitwayo PAE na prosesa haina.

"Wajomba, hivyo ni vyuma chakavu," akasema Mjomba. Tukaomba siku mbili.

PAE ilianza na Pentium Pro ya Intel mwaka 1995. Kwa kawaida kompyuta ya biti 32 hufikia memori isiyozidi gigabaiti 4. PAE ilirefusha anwani hadi biti 36, yaani gigabaiti 64. Anayeunda kerneli huchagua katika mipangilio yake kuitia PAE au kuiacha. Akiitia, kerneli hiyo haiwaki kwenye prosesa isiyo nayo, hata kama mashine yenyewe ina memori ya nusu gigabaiti tu! Ubuntu ilikuwa ikitoa kerneli za aina zote mbili, mpaka toleo la 12.10, Oktoba 2012, lilipoiacha ile isiyodai PAE. Februari 2013 Linux 3.8 nayo ikaaga prosesa ya 386, ambayo ndiyo Linus Torvalds aliyoianzia kazi yake mwaka 1991. Mzee wa nyumba akatolewa nje.

Lakini kisa cha Pentium M ni kingine. Prosesa hizo zilitoka mwaka 2003, na zile za mwanzo zina PAE ndani yake, ila hazisemi. Kerneli inapoamka huiuliza prosesa ina sifa zipi. Hizi hunyamaza kuhusu PAE, basi kerneli huamini kwamba haipo na kusimama. Mwaka 2014 Linux 3.15 ikapewa neno la kuandika wakati wa kuwasha, forcepae, linaloiambia kerneli iendelee hata hivyo. Tatizo, basi, lilikuwa jibu la prosesa, wala si uzee wa mashine.

Tuliliandika mara mbili: kwanza ili kisakinishi kiwake, kisha kwenye mipangilio ya kuwashia ili lisipotee baadaye. Mara hii ya pili tuliisahau kwenye laptopu ya kwanza, tukarudia kazi usiku.

Mwalimu wetu alipozisikia habari hizi alitukumbusha Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni rika moja na laptopu zetu.

Mbili ziliwaka. Ya tatu diski yake ilikuwa imekufa kweli. Mjomba alizitazama, hakusema kitu, akasogeza mablanketi kwenye boksi.